Barua Iliyoliwa Matangani

Asiyekuwepo na lake lipo. Sella Nabalayo aliyaandika maneno hayo kwa chaki juu ya mlango wa duka lake la mtandao huko Kisumu Ndogo, Kibera, na wazee waliokuwa wakienda kanisani walisimama wakamwambia amekosea methali. Sella, mwenye diploma ya mitambo ya mawasiliano na ulimi usiolala, aliwajibu kwamba hajakosea, ameirekebisha.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Machi 1999, saa mbili asubuhi. Nje, Jentrix muuza dagaa wa omena alikuwa akimwaga maji ya beseni kwenye mtaro. Ndani kulikuwa na kompyuta nne, viti sita vya plastiki, na chini ya meza kompyuta ya tano, kuukuu, bila skrini, iliyoondolewa kifuniko ili ipate hewa. Hiyo ya tano Sella aliiita Keateka, kwa sababu kazi yake ilikuwa ile ile ya keateka, mtunza geti wa ploti yoyote ya Kibera. Ploti ina geti moja na milango ishirini. Mgeni anajua geti tu. Anafika, anabisha, keateka anatazama daftari lake na kusema: huyo ni mlango wa tisa. Mtandao nao ulikuwa hivyo. Sella alipewa anwani moja tu ya nje, tarakimu zenye nukta katikati, na ndani alikuwa na mashine nne zilizotaka kuitumia kwa pamoja. Keateka alishika orodha. Kitakachobisha mlango wa kumi, peleka mashine ya kwanza. Mlango wa kumi na moja, ya pili. Na cha ndani kikitaka kutoka, Keateka alikivua jina lake na kukivika jina la geti, maana huko nje hakuna aliyejua majina ya ndani.

Geti lenyewe halikuwa Kisumu Ndogo. Fomu ya kuomba laini ya simu ilitaka jina la barabara, na Kisumu Ndogo haikuwa na barabara yenye jina. Kwa hiyo laini ilikuwa ya Mwalimu Nderitu, mstaafu wa Nyayo Highrise, ghorofa ya nne. Waya ulitoka dirishani kwake, ukaruka ukuta, ukapita juu ya kanisa na juu ya choo cha ploti ya kwanza, ukaingia dukani kwa Sella ukiwa umeanikiwa soksi za watu.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Kaveke, mama Mitchelle, mpika chapati ambaye kibanda chake kilitazamana na duka. Alikuja na kikaango chake kwapani.

"Sella, nataka mlango."

"Mama Mitchelle, milango ni ya mashine. Uko na mashine?"

"Niko na hii." Akakiweka kikaango mezani, pu. "Inafanya kazi kuliko hizo zako. Hizo zako stima ikipotea zinalala."

Sella alipiga magoti mbele ya Keateka, akaandika mstari mpya: mlango wa kumi na nne, kikaango cha Kaveke. Waya ulikuwa umemwishia. Aliandika hivyo hivyo bila waya, ili mama aondoke ameridhika.

Kesho yake asubuhi chapati ya tatu ya Kaveke ilitoka na barua kutoka kwa kaka yake, karani wa Mombasa. Barua ilikuwa imechomwa upande mmoja kwa herufi za kahawia, safi, tarehe juu kulia. Kaveke aliisoma yote, akaikunja, akaila na chai.

Habari haikuhitaji waya. Muia fundi alileta cherehani, akapewa mlango wa kumi na tano, na barua yake ya kwanza ilishonwa kwa uzi mwekundu kwenye mguu wa suruali ya mteja. Mteja aliichukua suruali vile vile kwa kuwa habari zilikuwa nzuri. Jentrix alipewa wa kumi na sita. Omena wake walijipanga ndani ya beseni mistari saba, vichwa upande mmoja, wakampa salamu kutoka Busia. Kufikia Ijumaa foleni ilifika kanisani: watu na pasi za makaa, watu na redio, watu na vioo, mzee mmoja na jembe. Wote walizungumza kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeshangaa, walikuwa na haraka. Miaka yote barua zao zilikuwa zikikaa kwenye sanduku la posta la kanisa zikingoja mtu wa kuzikumbuka, na sasa zilikuwa zinafika zikiwa bado moto.

Sella alimpa kila mtu sharti moja. "Keateka hajui nyumba yako. Anajua kifaa chako. Kikihama, barua inahama nacho. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Kaveke, wa kwanza kabisa.

Kaveke hakuwa ameutaka mlango kwa ajili ya salamu za kaka. Aliutaka kwa ajili ya binti yake Mitchelle, miaka ishirini, mrefu, ambaye tangu darasa la nne alikuwa akifunga bendeji kuku wa watu. Mwaka uliopita chuo cha uuguzi upande wa pili wa mji kilimwita. Barua ilikaa wiki saba kwenye droo ya ofisi ya kanisa, chini ya vitabu vya nyimbo, na alipoipata, nafasi ilikuwa na mtu mwingine. Chuo hakikuchukua mtu aliyepitisha miaka miwili tangu amalize shule. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho.

Chuo kilikuwa kimeanza kutumia barua pepe na kilijivunia jambo hilo. Mitchelle alikaa kwenye mashine ya pili akaandika ombi lake. Jibu lije mlango wa kumi na nne. Makazi: Kisumu Ndogo, Kibera, nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Ombi likapita kwa Keateka, likavuliwa, likavikwa, likapanda waya wa soksi na kutokea Highrise. Lilipofika chuoni lilisomeka: Nyayo Highrise, ghorofa ya nne.

Jioni hiyo Mwalimu Nderitu alishuka hadi dukani, miguuni kandambili.

"Sella, leo kuna msichana mpya kwangu."

"Yuko aje, Mwalimu?"

"Mrefu. Ana unga kwa kiwiko. Wenzake wamekaa kwa kochi, yeye amekataa. Amesimama tu pale mlangoni."

Kila jioni saa moja sebule ya Mwalimu Nderitu ilijaa watu walioandika anwani yake kwenye fomu, fomu za kazi, za shule, za hospitali. Miili yao ilikuwa makwao ikila ugali. Kilichokuja kwake ni ile sehemu ya mtu inayoishi kwenye karatasi. Walitazama habari, hawakula kitu, na saa tatu waliondoka. Wengine walikuwa wakija tangu mwaka wa tisini na moja. Alikuwa ameongeza kochi la pili. Hakuwa na ugomvi nao, isipokuwa mwanamke mmoja wa sketi ya kijivu aliyependa kubadilisha chaneli.

"Huyo mrefu ni Mitchelle wa Kaveke," alisema Sella. "Muache asimame."

"Nimemuacha. Lakini anaziba upepo."

Alhamisi ya mwisho ya mwezi, chama cha watu wa Kitui, kwao Kaveke, kilituma mjumbe kukusanya vyombo. Mwanzia, mshona viatu wa Kawangware, alikuwa ameaga dunia, na mwili ulikuwa unasafirishwa Jumamosi. Watu wa kwao wanajua utaratibu: huyu anatoa sufuria, yule anatoa vikombe, na hakuna anayeulizwa mara mbili. Mjumbe alisimama mbele ya kibanda cha Kaveke akataja kikaango. Kaveke alilikumbuka sharti. Alikumbuka pia kwamba hajawahi kumwona mtu aliyenyima chombo matangani akaendelea kusalimiwa.

"Ni leo tu," alisema, akakifuta kwa kitambaa, akakitoa.

Barua ya chuo ilifika siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Sella aliiona ikipita. Keateka alikuwa na taa ndogo ya kijani iliyopepesa kila kitu kilipoingia, na saa nane taa hiyo iliwaka mfululizo, jinsi inavyowaka kwa barua ndefu ya ofisi. Sella aliruka viti, akatoka nje, akapaza sauti kuvuka mtaro.

"Mama Mitchelle! Imekuja! Geuza chapati! Geuza!"

Kaveke alikuwa amekaa mbele ya jiko lisilo na kitu juu yake.

"Sella," alisema, "kikaango kiko Kawangware."

Mitchelle alikuwa akikanda unga. Alimtazama mama yake, akatazama jiko, akaanza kukimbia na unga ukiwa bado mikononi. Sella akafunga duka, akakimbia hatua ishirini, akakumbuka kwamba kuna wateja wawili ndani, akarudi kuwafungulia, akakimbia tena. Walivuka Ngong Road magari yakiwapigia honi, wakapita Dagoretti Corner wakihema, na walipofika Kawangware unga ulikuwa umekauka mikononi mwa Mitchelle kama glavu.

Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na turubai la bluu, viti vya kukodi, na nyuma ya nyumba akina mama watano na moto. Njambi, jirani wa marehemu, ndiye aliyeshika kikaango.

"Pole kwa msiba," alisema Mitchelle, maana hata haraka ina adabu zake. "Kuna chapati zimetoka na maandishi?"

"Kumi na moja," alisema Njambi. "Tukadhani ni mtindo wa Kibera."

"Ziko wapi?"

"Wee msichana, haya ni matanga. Zimeliwa."

Mitchelle aliketi chini. Sella hakuketi. Alikuwa amesikia kitu chini ya turubai. Wanaume waliokuwa kimya na vikombe vyao walikuwa wakinong'ona, kila mmoja maneno yake, wala si maneno ya maombi. Aliyekula mstari alikuwa nao. Ulikuwa umemkaa ulimini, mzima, na nukta yake mwishoni.

Sella akatoa daftari. "Tuanze na wewe, ndugu. Umekula nini?"

"Tunayo furaha kukujulisha," alisema Morris, fundi wa mabomba, na alikuwa bado anatabasamu, ingawa alikuwa amekuja kulia.

Mitchelle akainuka.

Walipita kiti kwa kiti. Kaka wa marehemu alikuwa amekula orodha ya vifaa: jozi mbili za viatu vyeupe, saa yenye mshale wa sekunde, ndoo moja, mwavuli. Vijana wawili waliogawana chapati moja walikuwa wamegawana na sentensi. Wa kwanza alisema, "umechaguliwa kujiunga na," wa pili akasema, "mafunzo ya uuguzi, mwaka wa kwanza," na ikabidi wakalishwe karibu ili ieleweke. Mitchelle aliposikia hayo alipiga yowe. Turubai zima likageuka. Kisha mtu akapiga makofi, akakumbuka yuko wapi, akaacha.

"Pigeni tu," alisema mjane wa Mwanzia kutoka kiti cha mbele. "Huyu mzee alipenda habari njema, na wiki hii hajapata hata moja."

Wakapiga makofi. Hata waliokula salamu na anwani tu walisimama.

Mistari kumi iliingia daftarini. Wa mwisho, kutoka kwa mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito, ulisema: "Ukikosa kufika kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo, nafasi yako itatolewa kwa mwingine." Siku hiyo siku gani? Sella aliuliza viti vyote. Hakuna aliyekula siku.

Njambi alihesabu kwa vidole vyenye mafuta. "Ya kumi na moja nilimpa Susu Nduku, yule nyanya, shangazi ya marehemu. Alichoka, wakampeleka akapumzike mtaa wa Satellite, kwa mjukuu wake, ile nyumba iko na duka la mboga mbele."

Wakakimbia tena. Susu Nduku walimkuta nyuma ya duka la mboga, ameketi kwenye kigoda, kikombe mkononi.

"Susu, ulikula ile chapati?"

"Na meno gani?" alisema Susu Nduku. "Nimeilowesha. Nangoja."

Chapati ilikuwa imelala ndani ya chai, na herufi zilikuwa zimebanduka na kuelea juu, zikizunguka polepole pamoja na majani. Mitchelle aliinama juu ya kikombe. Aliona *I*, akaona *j*, akaona *26*, kisha zikazunguka tena.

"Kunywa basi," alisema Susu. "Kama ni yako, kunywa. Lakini nirudishie kikombe."

Mitchelle akanywa. Ilikuwa tamu mno, na ilipofika tumboni akajua. Ijumaa, tarehe 26 Machi. Kesho.

*

Ofisi ya usajili ilikuwa na dirisha moja, kabati la chuma, na Bi Kavetsa, karani wa usajili, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye sketi ya kijivu. Saa nne na nusu asubuhi Mitchelle aliweka daftari mbele yake. Sella alisimama nyuma, kama shahidi.

"Barua yenyewe iko wapi?" aliuliza Bi Kavetsa.

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Watu wa matanga, Kawangware. Hapo penye tarehe nilikunywa mwenyewe."

Bi Kavetsa alitoa nakala yake kabatini, akailinganisha na daftari mstari kwa mstari, kalamu ikishuka taratibu. "Mmeacha mwavuli."

"Aliutaja," alisema Sella. "Nilikuwa nageuza karatasi."

Bi Kavetsa akaongeza mwavuli kwa mkono wake, akapiga karatasi pini, akaridhika. Kisha akafika kwenye makazi.

"Nyayo Highrise, ghorofa ya nne."

"Hapana," alisema Mitchelle. "Mimi naishi Kisumu Ndogo. Niliandika Kisumu Ndogo. Ilibadilika ikitoka."

Bi Kavetsa alivuta kitabu kikubwa cha mitaa, akalamba kidole, akafunua, akakigeuza ili wote wakione. Highrise ilikuwepo, vijumba vya mraba vimepangwa vizuri. Mahali palipofuata, mpaka kwenye reli na kuivuka, palikuwa pamechorwa miti. Miti midogo ya kijani, mamia, yote sawa.

"Hapo pana msitu," alisema.

Sella aliinama akaweka kidole. "Huu mti ni choo chetu."

"Kitabu kinasema msitu. Sikiza, dada." Bi Kavetsa alishusha sauti, na alipoishusha Kiswahili chake kikawa cha mtaani. "Mimi niko na nafasi moja na muhuri mmoja. Ukisema unaishi Highrise, nagonga saa hii, uende ukanunue viatu vyeupe. Ukisema unaishi hapa kwa miti, umetaja mahali hakuna, na sheria ya chuo inataka uandike barua: naomba radhi kwa kutaja mahali pasipokuwepo. Mstari mmoja tu. Nikishaipata, nakuandikia makazi mengine, nagonga."

"Na mgonjwa akitoka huko, hospitali inaandika ametoka wapi?" aliuliza Mitchelle.

"Highrise."

"Highrise iko na wagonjwa wengi."

"Wengi sana," alisema Bi Kavetsa. "Mimi nimezaliwa Kisumu Ndogo. Tisini na moja niliandika Highrise. Sikufa."

Sella aliitazama ile sketi. "Kumbe ni wewe unabadilishanga chaneli."

Bi Kavetsa hakukana. "Yule mzee anapenda habari za bei ya chai. Mtu atakaa na bei ya chai kila siku?" Akaupanga muhuri sambamba na ukingo wa meza. "Saa moja jioni ikifika, popote niko, nusu yangu inaenda pale. Watoto wangu wamezoea. Wananiita mara mbili."

Mitchelle alisikiliza yote hayo. Saa ya ukutani ilisema saa tano.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

Bi Kavetsa alitazama kitabu, akatazama sheria iliyobandikwa ukutani.

"Hiyo haiko kwa fomu," alisema.

Waliketi hapo, watatu, mpaka saa sita. Bi Kavetsa aliweka karatasi tupu mbele ya Mitchelle, na kalamu juu yake. Mitchelle hakuigusa. Kengele ilipolia, Mitchelle alisimama, akalichukua daftari, akaaga vizuri, akaondoka bila muhuri.

*

Nafasi haikutolewa kwa mwingine. Chuo kilijaribu. Lakini Mitchelle alikuwa amefika kabla ya saa sita, jambo ambalo barua ilitaka, na hakuwa ameomba radhi, jambo ambalo sheria ilitaka, na faili lake halikuweza kufungwa wala kufunguliwa. Kiti chake kikabaki, safu ya pili, karibu na dirisha. Aliyekikalia alijikuta amesimama. Walimu wakaacha kupeleka watu pale.

Sella aliposikia kuhusu kiti hakulala. Asubuhi aliingia chini ya meza akaongeza mstari mmoja kwenye orodha: kitakachofika kwenye kiti cha Mitchelle, peleka mlango wa kumi na nne.

Somo la kwanza lilitoka saa tatu, chapati ya tisa: mifupa ya mkono, yote ishirini na saba, na majina yake. Mitchelle aliisoma, akaila, akaijua. Kesho yake ikaja moyo, umechomwa kahawia, vyumba vinne, mishale ikionyesha damu inakoenda. Ikaja kuosha kidonda. Ikaja namna ya kupokea mtoto anayetanguliza miguu. Siku za kazi nyingi Kaveke alikosea akauza masomo, na mjengo wa Highrise ukapata mwashi aliyejua mishipa kumi na miwili ya fahamu ya kichwa na kuitaja akipanga matofali. Wiki ya sita Mitchelle alimtibu Jentrix mkono ulioungua kwa mafuta. Wiki ya tisa alizalisha mke wa Muia, na mtoto akatanguliza miguu, kama chapati ilivyosema. Watu walianza kukaa kwenye benchi la Kaveke wengine wakiwa na njaa, wengine wakiwa na homa, na foleni ilikuwa moja. Kisumu Ndogo ilikuwa na furaha iliyoshindwa kukaa kitako. Kila jioni mtu alipita akiuliza, "Niaje, leo umekula nini?"

Hospitali hazikumchukua. Zilitaka cheti, na cheti kilitaka muhuri, na muhuri ulikuwa mezani kwa Bi Kavetsa.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya masomo, chapati ya kwanza ilitoka na maneno yale yale: *Nafasi yako ingalipo. Wasilisha barua ya kuomba radhi leo kabla ya saa sita mchana.* Na nembo ya chuo, mviringo, iliyoiva vizuri.

"Mstari mmoja, mwanangu," Kaveke alikuwa akisema. "Mimi nimeomba askari wa jiji radhi. Nimeomba mwenye ploti radhi. Nimeomba hata mvua. Sikupungua nyama."

"Ndio maana unatembeanga ukiangalia chini, mathe."

"Naangalia chini kwa sababu kuna mtaro."

"Na mtaro ni wa nani? Si ati hapa ni msitu?"

Kaveke alisukuma unga. Siku hiyo chapati zilitoka nyembamba mno.

Siku moja ya Juni Mitchelle aliitwa alfajiri kwenda kwa mama mjamzito upande wa Makina, na Kaveke akawasha jiko peke yake. Foleni ilikuwa ndefu. Sella alikuwa mbele, akingoja chapo madondo, chapati na maharagwe. Mwalimu Nderitu alikuwa nyuma yake, maana alikuwa ameanza kunywa chai huko chini. Alikuwa akieleza kwamba jana jioni yule mwanamke wa sketi ya kijivu hakukaa. Alisimama mlangoni, kando ya Mitchelle, habari nzima, na hakugusa chaneli.

Chapati ya kwanza ikatoka. Kaveke aliisoma. Alikuwa ameisoma mara sitini. Safari hii aliisoma kwa sauti, na alipofika *mahali pasipokuwepo*, maneno ambayo chuo kilikuwa kimeanza kuyaongeza, aliacha. Akainua macho. Akatazama benchi, na watu juu yake. Akatazama kanisa, choo, waya na soksi. Akatazama mlango wake wa bluu, ambao aliupaka mwenyewe mwaka ambao Mitchelle alizaliwa.

Akakata donge la unga, akalisukuma, akafungua kufuli la kibanda na kuchukua ufunguo. Hivyo ndivyo barua zilivyojibiwa: uliandika kwenye unga mbichi kwa ncha ya ufunguo, ukatia kikaangoni, na chapati ilitoka tupu kwa sababu maneno yalikuwa yameshakwenda.

"Mama Mitchelle," alisema Sella, "si ungoje arudi? Ni barua yake."

"Na kikaango ni cha nani?"

Kaveke aliandika polepole, maana shule aliiacha darasa la tatu, na foleni yote ilisogea kuona. Akaitupa kwenye mafuta. Maneno yalilia mafutani mara moja, yakaondoka, yakapita kwa Keateka, yakavuliwa na kuvikwa, yakapanda juu ya choo na kanisa na kutokea ghorofa ya nne kwa jina la mtu mwingine.

Kesho yake chapati ya kwanza ilitoka na barua ile ile na nembo ile ile. Kitabu cha mitaa kilikuwa bado na miti. Kaveke aliisoma, akaikata vipande vinne, akamwekea mwashi pamoja na madondo. Kisha akachukua donge jingine na ufunguo wake, na kwa kuwa maneno yalikuwa yale yale ya jana, safari hii hakuwa na haja ya kutazama anachoandika. Alitazama mbele.

"Siombi radhi," alisema, akiandika.